Nani kaiba maji ya Kalambo? Tumeendesha kutoka Dar tumekuta kauzi

#1 Tairi_la_Spea
Wakuu, habari za muda huu.

Tumerudi juzi kutoka Rukwa, mimi na washikaji wawili, gari letu wenyewe. Dar, Iringa, Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, Matai, mpaka Kapozwa. Lengo lilikuwa moja tu, maporomoko ya Kalambo. Picha za mitandaoni zilitumaliza: maji mengi yanaruka genge la mita zaidi ya 200 bila kugusa jiwe hata moja, ng'ambo ni Zambia.

Tumefika mwisho wa Oktoba. Genge lipo, na urefu wake unatisha, hapo sina ubishi. Lakini maji! Kauzi. Upepo ukivuma kanayumba, kanageuka mvuke, chini sijui kama kanafika. Aliyetuongoza akacheka akasema "njooni Machi". Mzee mmoja pale kijijini akasema zamani hata Oktoba ngurumo yake ilisikika mbali.

Sasa nimshike nani? Ni msimu tu, au kuna kitu huko juu kinayala maji? Kama kuna mtu alifika kiangazi miaka ya nyuma aseme alikuta nini.

#2 Kiazi_Mviringo
Uzi bila picha ni umbea.

#3 Tairi_la_Spea
Picha ninazo mkuu. Ukiziona utasema nimepiga picha ukuta.

#4 Fundi_Bomba
Umeenda mwezi mbaya kuliko yote. Kusini-magharibi mvua ina msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili, ikichelewa Mei mwanzoni. Baada ya hapo mto unaishi kwa akiba iliyo ardhini. Na Kalambo si Rufiji. Ni mto mfupi, unatoka nyanda za juu za hapo hapo kusini-mashariki mwa Ziwa Tanganyika, unafuata mpaka, unaanguka, unaingia ziwani. Mto wa bonde dogo hupanda upesi na kushuka upesi. Oktoba umekuta sufuria inakwanguliwa. Hakuna mwizi hapo.

#5 Mama_Ulezi
Mwizi yupo. Mimi kwetu ni Kalambo, siongei kwa kuhadithiwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kulima ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Nenda Agosti utembee juu ya maporomoko ukahesabu bustani. Nyanya, kabichi, vitunguu, mpaka mguu unagusa maji. Kila bustani ina pampu ya petroli inanguruma tangu alfajiri. Watu wanamwagilia miezi ile ile ambayo mto hauna kitu. Halafu mnasema msimu.

#6 Jembe_Halimtupi
Dada, kapampu ka inchi mbili kamalize mto mzima?

#7 Mama_Ulezi
Kamoja hakawezi. Mia je?

#8 Mpakani_Mbala
Wakuu, nipo Mbala upande wa pili, huu mwaka wa kadhaa kikazi. Nawachekesha kidogo: huku hadithi ni hiyo hiyo ila imegeuzwa. Wenyeji wanasema Watanzania ndio wamekata miti yote juu na kuchoma mkaa. Nikija Matai naambiwa Wazambia ndio wanaochoma mkaa. Mkaa wenyewe unaliwa pande zote mbili.

#9 Lenzi_Chafu
Mnatafuta mwizi mtoni, mwizi yuko kwenye kamera. Picha alizoziona #1 zimepigwa Februari au Machi, kwa droni, saa ambayo jua limelenga genge. Na mpiga picha akiacha shata wazi sekunde kadhaa, maji membamba yanatoka yametandazwa, mazito, meupe. Hakuna uongo aliosema, na wewe hukuuliza picha ni ya mwezi gani. Kuna kampuni moja ya safari ilinitumia picha ya aina hiyo wakati inaniuzia safari ya Septemba, nikawauliza tarehe ya picha, wakanyamaza mpaka leo.

#10 Tairi_la_Spea
#9 hilo la tarehe nimelichukua. Ila bado halijibu mzee wa Kapozwa.

#11 Bwana_Takwimu
Tuweke kumbukumbu sawa kwanza. Kalambo ni ya pili kwa urefu Afrika baada ya Tugela ya Afrika Kusini. Mita 235.

#12 Wa_Nyahururu
Hapana kaka. Tugela inashuka kwa hatua, inaanguka, inapumzika kwenye mwamba, inaanguka tena. Jumla ni mita 900 na zaidi, lakini huwezi kuilinganisha na anguko moja. Kwetu Kenya pia kuna Karuru ndani ya Aberdare, mita 273 kwa jumla, ila ni hatua tatu. Ukihesabu jumla, Kalambo inakaa chini ya Karuru. Ukihesabu anguko moja ndiyo inapanda kati ya ndefu zaidi Afrika. Na hiyo 235 yenyewe wengine wanaandika 221.

#13 Kiazi_Mviringo
Yaani hata Kenya wamekuja kutuibia urefu.

#14 Wa_Nyahururu
😂 Urefu hatuna shida nao. Maporomoko yetu ya mjini Nyahururu, yale Joseph Thomson aliyoyapa jina la baba yake mwaka 1883, ni mita 74 tu, lakini unashuka kwenye matatu unatembea dakika chache umefika. Na kwa swali la msingi: Februari ni membamba, Mei huwezi kuongea na mtu aliye kando yako. Mto ule ule. Kwa hiyo naelekea kwa #4.

#15 Mzee_wa_Matai
Nimesoma wote. Mimi nimezaliwa hapo jirani, miaka ya sabini tulikuwa tunakwenda kwa miguu kutoka shule. Wakati huo hakuna ngazi, unashika mizizi. Ninachokumbuka ni kwamba kiangazi maji yalipungua sana hata wakati huo. Lakini yalikuwa yanafika chini, na ukikaa upande ule upepo unakoelekea shati linalowa. Tena kiangazi ndipo kongoti wanapokuja kuzaa kwenye kuta za korongo. Masika hawapo. Ndege wale hawakuanza jana, nao wanajua ni miezi gani genge linakauka.

#16 Mama_Ulezi
Shikamoo mzee. Umenisaidia nusu na kunimaliza nusu.

#17 Mzee_wa_Matai
Marahaba mwanangu. Ndiyo ukweli ulivyo.

#18 Fundi_Bomba
Kongoti ni shahidi mzuri. Ndege wanaopangilia uzazi kwa kiangazi wanaonyesha kwamba kupungua kwa maji ni desturi ya mto wenyewe, haijaletwa na pampu.

#19 Jembe_Halimtupi
Kongoti hazai kwa sababu ya maji, anazaa kwa sababu ya chakula. Kiangazi mabwawa yanakauka, samaki na vyura wanabaki wazi, mizoga inaongezeka. Usimpe ndege ushahidi asioutoa.

#20 Mchimba_Kale
Naongeza jambo la pembeni kidogo. Mnajua juu tu ya maporomoko, upande wa Zambia, kuna sehemu ya kale sana walikoishi watu? Mwanaakiolojia John Desmond Clark alianza kuchimba huko miaka ya hamsini. Mwaka 2023 zikatangazwa gogo mbili zilizochongwa zikakaa moja juu ya nyingine, umri wake si chini ya miaka 476,000. Mbao! Kwa kawaida mbao hazidumu hata kidogo katika ardhi yetu. Zilidumu kwa sababu udongo pale ulibaki umelowa muda wote huo, hewa haikuingia. Sasa jiulize: kama ardhi ile imebaki na maji karibu nusu milioni ya miaka, halafu kizazi chetu ndicho kinaona kauzi, kuna kitu kimebadilika.

#21 Kiazi_Mviringo
Tumetoka kwenye pampu ya petroli tumefika kwa watu wa nusu milioni ya miaka iliyopita. Hili jukwaa halina breki.

#22 Bwana_Takwimu
#20 kulowa kwa udongo kando ya mto na wingi wa maji yanayoruka genge ni vitu viwili. Kinamasi kinaweza kuwa na maji mwaka mzima na mto ukawa mwembamba. Vinginevyo hayo ya mbao ni kweli, nilisoma.

#23 Wa_Buja
Amahoro bandugu. Mimi niko Bujumbura. Nyinyi munalia maji yamepotea, sisi huku yametufuata ndani ya nyumba. Ziwa Tanganyika limepanda, Gatumba watu wamehama, barabara iko chini ya maji. Mito inayoingia ziwani kama imekauka, haya maji yametoka wapi?

#24 Tairi_la_Spea
Pole sana ndugu yangu. Na swali lako ni zuri kuliko langu.

#25 Fundi_Bomba
Ziwa ni kubwa mno, linapokea mvua juu yake lenyewe na mito mingi, Malagarasi na Ruzizi ikiwemo. Linajibu jumla ya mvua ya miaka kadhaa. Mto mmoja mdogo unajibu miezi miwili mitatu iliyopita. Ziwa linaweza kuwa juu na Kalambo ikawa kauzi katika wiki hiyo hiyo, hamna mgongano.

#26 Papa_Kalemie
Miye natoka Kalemie. Ziwa lote lina mulango moja tu wa kutokea, mto Lukuga, na uko hapa kwetu. Wazee banasema mulango umejaa muchanga na matete, ndiyo maana maji inarudi kwa Burundi. Wengine wanasema ni mvua tu. Tumebishana hapa miaka, nyinyi mumeanza jana.

#27 Wa_Buja
Papa, fungueni huo mulango basi 😅

#28 Ihefu_Kavu
Mnaozungukia mnasahau mfano wetu mkubwa kabisa, Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 mto ule umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Viboko wanabanana kwenye vidimbwi. Kabla ya hapo haukuwa unakatika. Hapo hakuna wa kusema "msimu tu", kwa sababu misimu ilikuwepo na mto ulikuwa unapita. Maji yanaingia mashamba ya mpunga ya Usangu, mifereji inaachwa wazi hata baada ya mavuno, yanapotea ardhini. Mimi nimelima Mbarali, naijua hiyo mifereji.

#29 Jembe_Halimtupi
Na ng'ombe wa kinamasi cha Ihefu, huko huko Usangu? Mwaka 2006 wafugaji walitolewa wote. Mto ulirudi?

#30 Ihefu_Kavu
Haukurudi, ndiyo maana nasema mifereji.

#31 Bwana_Takwimu
Na kuna kundi la tatu mnaliruka. Mgao wa umeme wa miaka ya tisini ulitupiwa wakulima na wafugaji wa Usangu kwa sababu bwawa la umeme la Mtera lilikauka. Baadaye watafiti wakaandika kwamba shida kubwa ilikuwa namna mabwawa ya Mtera na Kidatu yalivyoendeshwa, maji yalitumika kupita kiasi miaka mizuri. Kwa hiyo kila mto una washtakiwa watatu wanne na kila mmoja ana wakili.

#32 Mama_Ulezi
Washtakiwa wengi haina maana hakuna kosa.

#33 Chura_wa_Kihansi
Jina langu linajieleza 😂 Mnataka maporomoko yaliyoibiwa maji mchana kweupe na mwizi anajulikana? Kihansi. Maji yalielekezwa kwenye mtambo wa umeme wa megawati 180, maporomoko yakabaki na sehemu ndogo sana ya maji yake ya awali. Kuna chura mdogo wa njano aliyekuwa anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale tu, hayupo kwingine popote duniani. Walipelekwa Marekani kufugwa kwenye bustani za wanyama, mwaka 2009 wakatangazwa wametoweka porini, baadaye wakaanza kurudishwa. Na sasa manyunyu yanatengenezwa kwa mabomba! Maporomoko bandia kando ya maporomoko halisi.

#34 Jembe_Halimtupi
Na umeme je, huutumii kuchaji simu unayoandikia?

#35 Chura_wa_Kihansi
Nautumia. Sikusema wauzime.

#36 Muganda_Halisi
Kwetu Jinja kulikuwa na Bujagali. Watu walitoka mbali kuendesha mitumbwi ya mpira pale. Bwawa limejaa 2011, 2012, maporomoko yako chini ya maji, basi. Sasa wanaenda Itanda. Kwa hiyo wa Kalambo mshukuru, kauzi ni kauzi, kanaonekana.

#37 Dada_wa_Barabara
Naomba nirudishe uzi barabarani, maana nimekuja kutafuta njia nakuta kesi. Nataka kwenda Desemba na familia, gari dogo. Nianzie wapi nisiambulie kauzi?

#38 Roli_la_Tunduma
Dada hapo umefika kwa mwenyewe. Njia ya Tunduma nimeilala usingizi.

Kwanza, usifuate maporomoko tu, fuata msimu. Kiangazi ni cha makorongo, masika ni ya maporomoko. Mwezi aliokwenda #1 angeshuka Isimila, kilomita kama 20 kutoka Iringa mjini kwa barabara ya Mbeya. Korongo kavu, nguzo za udongo na mchanga zimesimama juu kuliko nyumba, zimechongwa na maji ambayo kwa sasa hayapo. Unatembea chini katikati yake bila matope. Ukienda masika kunateleza na mto unakuzuia kuvuka.

Pili, ukitaka maporomoko yenye maji karibu mwaka mzima, panda Rungwe. Tukuyu mvua yake kwa mwaka inazidi milimita 2,000, migomba inaota hata kwenye paa. Kaporogwe ina pango nyuma ya maji, unasimama ndani unaangalia nje. Kijungu na Daraja la Mungu ziko mto mmoja, Kiwira, unaziona siku moja na mchana unakula ndizi.

Tatu, njiani: kuanzia Chalinze mpaka Mbeya vibao vya 50 viheshimu, tochi ziko kwenye miembe. Mikumi usikimbize, ukimgonga swala unalipa, ukimgonga tembo hulipi maana utakuwa umekufa. Kitonga usipite na foleni ya malori usiku, na ukishuka usikanyage breki mfululizo, tumia gia. Ruaha Mbuyuni nunua vitunguu wakati wa kurudi, ukinunua wakati wa kwenda gari zima litanuka mpaka Sumbawanga.

#39 Dada_wa_Barabara
Asante sana kaka. Hii ndiyo niliyotaka.

#40 Tairi_la_Spea
#38 mbona hukuwepo mwezi uliopita? Isimila tuliipita tukaona kibao tu, dereva anasema "tutarudi nayo". Hatukurudi nayo.

#41 Mwalimu_wa_Tukuyu
Mkishafika Daraja la Mungu mtaambiwa na kila mtu maelezo yake, kwa hiyo niwape mapema. Ni mwamba wa volkano uliokaa juu ya mto Kiwira, mto unapita chini yake. La kwanza, la kwenye vitabu: uji wa volkano ulitiririka ukaziba bonde, ukaganda, halafu mto ukatafuta majivu na udongo laini chini yake ukavila, mwamba mgumu ukabaki juu.

#42 Mchimba_Kale
La pili: uji wa volkano unaganda juu kwanza, ndani unaendelea kutiririka mpaka unaisha, linabaki bomba tupu. Mto ukaingia kwenye bomba tayari limetengenezwa. Ukiangalia dari yake kwa chini mimi naona kama bomba.

#43 Mwalimu_wa_Tukuyu
Dari nimeiangalia tangu niko mtoto, mto umeisugua, huwezi kujua ilikuwaje. Na la tatu ni la bibi yangu: limewekwa. Nani kaweka, jina linasema. Na ukimuuliza kuhusu volkano anakujibu "na hiyo volkano kaiwasha nani?"

#44 Kiazi_Mviringo
Bibi kashinda.

#45 Mwalimu_wa_Tukuyu
Siku zote. Ila usipande juu ya daraja kuvuka, watu wanapenda kupiga picha pale katikati na jiwe lina ukungu. Kijungu ndiyo hatari zaidi, maji yote ya mto yanaingia kwenye tundu la mwamba yanapotea, yanatokea mbele. Aliyeteleza pale haokolewi.

#46 Wa_Nyahururu
Hatari ya makorongo sisi tumezika watu kwa ajili yake. Hell's Gate hapo Naivasha, korongo la Ol Njorowa. Mwaka 2012, tena 2019, maji ya ghafla yaliingia watu wakiwa chini. Unakuta pale ulipo jua linawaka, mvua inanyesha juu huko usikokuona, kuta zimesimama pande zote mbili na hakuna pa kukimbilia. Dada #37, Desemba kwenye korongo lolote, la Kenya au Tanzania, muulize mwenyeji mvua imenyesha wapi leo, usiangalie anga la juu ya kichwa chako tu.

#47 Maskati_Jioni
Naunga mkono. Niko Maskati, huku wikiendi watu wote wanaingia mawadi. Bonde kavu mwaka mzima, watoto wanacheza, watu wanachoma nyama. Mvua ikinyesha milimani muda mfupi tu bonde limejaa. Dereva akivuka wadi yenye maji ni kosa la barabarani, anashtakiwa. Na bado kila mwaka kuna anayejaribu na gari jipya.

#48 Roli_la_Tunduma
Hiyo sheria ije kwetu. Kuna watu wanaona maji yamevuka daraja wanasema "gari langu liko juu".

#49 Mpakani_Mbala
Kurudi kwenye Kalambo kidogo. Nimeuliza hapa kazini leo. Mmoja anasema mikaratusi iliyopandwa vyanzoni ndiyo inakunywa maji. Mwingine ndugu yake amepanda hiyo mikaratusi, anasema miti ndiyo inaleta mvua. Wakaanza kugombana wao, nikaondoka.

#50 Fundi_Bomba
Wote wawili wana chembe. Mkaratusi unakunywa sana kweli, hasa ukipandwa chemchemini. Lakini mlima ulio uchi nao maji ya mvua yanakimbia yote masika na kiangazi hubakiwi na kitu. Inategemea mti gani, wapi, na ulichukua nafasi ya nini. Na mpaka mtu aweke kipimo cha maji mtoni pale juu kwa miaka, tutabaki tunatupiana maneno.

#51 Mama_Ulezi
Kipimo kikiwekwa kiwekwe juu ya bustani na kingine chini ya bustani. Hapo ndipo mtaniita.

#52 Bwana_Takwimu
Hilo nalikubali bila ubishi, na si kawaida yangu.

#53 Tairi_la_Spea
Basi mimi nimeamua. Washikaji wamekubali, tunarudi Aprili mvua ikiwa bado ipo. Nani anaungana? Gari ni IST, nafasi mbili.

#54 Roli_la_Tunduma
IST? Aprili? 😂😂😂 Mkuu, mpaka Matai lami ipo, huna shida. Ukiacha lami kuelekea Kapozwa ni udongo mwekundu, masika unageuka sabuni. Maji utayakuta mengi sana, hata mengine yatakuwa ndani ya gari.

#55 Mzee_wa_Matai
Gari dogo liacheni Matai mjini, liko salama. Chukueni bodaboda au mkodi gari la juu hapo hapo, vijana wanazijua njia zote. Na mjaze mafuta Sumbawanga, msitegemee chupa za kando ya barabara. Kushuka ngazi ni rahisi, kupanda ndiko kuna kazi. Mwenye magoti yangu aishie juu.

#56 Lenzi_Chafu
Na mfike asubuhi. Masika mchana mawingu na manyunyu yanalifunika korongo lote, unasikia ngurumo lakini huoni kitu. Ukija kulalamika hapa kwamba maji yamezidi nitakuzuia kusoma nyuzi.

#57 Dada_wa_Barabara
Aprili na mimi nipo, Desemba nitaishia Tukuyu kwa watoto. Swali la mwisho: tukimaliza Kalambo si tunaweza kushuka Kasanga ziwani? Migebuka inapatikana?

#58 Mzee_wa_Matai
Kasanga mnafika, lami ipo mpaka bandarini. Migebuka ipo, lakini usiku wa mbalamwezi wavuvi wa taa hawapati kitu, kwa hiyo angalieni mwezi kabla ya kupanga tarehe.

#59 Kiazi_Mviringo
Sasa tumwangalie mwezi, kongoti, mvua na trafiki. Safari ya nchi hii ni digrii.

#60 Roli_la_Tunduma
Mkipata migebuka, mnibebee wa kukausha. Nitakuwa mizani nasubiri zamu, kama kawaida.